Hodi kwa Shemeji

Suruali haikuwa tatizo. Suruali hushonwa. Tatizo lilikuwa kwamba Shemeji alipoirarua suruali ya Fundi Kufuli sehemu ya makalio, binti yake Fundi alikuwa amesimama mlangoni pa jikoni, mtoto mkononi, na aliona kila kitu tangu kitasa kilipoanguka.

Maana mambo yalianza na kitasa. Fundi alikuwa ameketi kwenye ngazi ya uani akitengeneza kitasa cha mteja, kikamponyoka, kikabiringika hadi karibu na bakuli la bati ambamo Shemeji alikuwa ametumbukiza kichwa mpaka masikioni. Fundi akainama kukiokota. Akasikia mngurumo, akageuka ili akimbie, na kule kugeuka ndiko kulikomponza. Kitambaa kikalia kraa! Shemeji akarudi kwenye bakuli na kipande cha suruali mdomoni, akakiweka kando taratibu, akaendelea kula.

Binti akampandisha mtoto begani.

"Baba, umeumia?"

"Hata kidogo. Amechukua kitambaa tu."

"Leo," alisema binti.

Ni vizuri ijulikane mapema kwamba Shemeji ni mbwa, maana watu wageni mtaani walikuwa wakishtuka sana wakisikia maneno ya nyumba ile. "Nani amemfungia Shemeji nje na mvua yote hii?" "Shemeji ana viroboto, msimlaze kwenye zulia." Jina hilo lilitoka kwa Fundi mwenyewe. Mdogo wa mke wake, shemeji wa kweli, alifika siku moja na kikapu, ndani yake mna mbwa mchanga wa rangi ya chai, akasema, "Nishikieni wiki mbili tu, nitakuja kumchukua." Miaka mitano ilikuwa imepita. Fundi, ambaye hakuwahi kuthubutu kusema hadharani anavyowaona ndugu wa mkewe, alimtazama yule mbwa akasema, "Amekuja bila mzigo, anakula kuliko wenye nyumba, na haondoki. Huyu ni shemeji." Mkewe alimnunia siku tatu. Siku ya nne akasikika uani akiita, "Shemeji! Njoo ule!" na likawa jina.

Mke huyo wote walimwita Mwalimu, kwa sababu alifundisha darasa la kwanza miaka thelathini na alikuwa amestaafu mwaka uleule, jambo lililomwacha na kalamu nyekundu nyingi na hana wa kumsahihisha. Fundi bado alikuwa na kibanda chake ubavuni mwa posta, anachonga funguo na kufufua makufuli yaliyokufa kwa kutu. Binti yao alikuwa mpimaji wa maabara, mtu wa kuamini alichokiona kwenye darubini na si vinginevyo. Na yule mtoto, mwenye miezi tisa, Mwalimu alimpa jina la Mkaguzi. Hakuna kitu kilichokuwa sakafuni ambacho hakukiendea, hakukigeuza na hakukitia mdomoni.

Jioni ile binti alisema lake bila kuzunguka mbuyu. Mwanzoni mwa mwezi, yaani baada ya wiki nne, angeanza kazi katika hospitali mpya. Mpango ulikuwa Mkaguzi ashinde kwa babu na bibi.

"Lakini siwezi, Baba. Huyu anatambaa kwa kasi ya panya. Akilifikia bakuli la Shemeji, siku hiyo mbwa hatachukua kitambaa. Kama mbwa hatabadilika, mtoto atakwenda kwa bibi yake mwingine. Ameshanunua kitanda."

Bibi mwingine! Tena na kitanda! Bibi mwingine alikuwa mtu mwema, na wema wake ndio uliomuudhi Fundi zaidi, kwani hakukuwa na pa kumsema. Nyumba yake ina mazulia kila chumba, haina mbwa, haina ngazi.

"Na Shemeji tukimtoa?" Mwalimu aliuliza kwa sauti ndogo.

Kila asubuhi Shemeji alimsindikiza Fundi hadi kona ya posta, akaketi, akamtazama mpaka alipofungua kibanda, ndipo akarudi nyumbani peke yake. Fundi alimpenda mjukuu wake kiasi cha kuona haya kusema, na mbwa vilevile, na ilimuuma kwamba mtu mzima wa miaka sitini na mmoja aambiwe achague. Akakata shauri kutochagua.

Jirani yao, mpaka rangi ambaye mtaa mzima walimwita Bwana Rangi, alikuwa na dawa tayari. Alikuwa juu ya ngazi yake akiupaka ukuta wake mwenyewe kwa mara ya tatu mwaka ule.

"Mcharaze," alisema. "Fimbo mbili tatu, atakunja mkia."

Daktari wa mifugo hakutaka hata kulisikia neno hilo. Alikuwa mama mfupi mwenye mabega mapana, na alifika akitoka kuzalisha ng'ombe, buti zake zikiwa na ushahidi wa kutosha. Alimtazama Shemeji akila, yeye akiwa mbali, mikono nyuma.

"Ukimcharaza atajifunza jambo moja, kutonguruma," alisema. "Utafurahi. Halafu siku moja atang'ata bila kukupa taarifa. Mzee, mngurumo ni taarifa. Mshukuru kwa kukuambia."

"Nimshukuru? Kwa suruali yangu?"

"Sikiliza. Huyu anaamini kila mguu unaokuja umekuja kumnyang'anya. Mfundishe kwamba umekuja kumletea. Simama mbali, pale ambapo hana wasiwasi na wewe. Mrushie kitu kitamu kuliko kilichomo bakulini. Geuka, ondoka. Usimsemeshe, usimguse. Akizoea, kesho kutwa hatua moja mbele. Ukiona amekaza mwili au anameza kwa pupa, ujue umeharakisha, rudi nyuma. Na hata akifuzu, mtoto na bakuli visikae pamoja bila mtu mzima. Weka kijigeti hapo mlangoni."

Kijigeti kilikuwa tayari kesho yake, na komeo ambalo hata Mwalimu ilimbidi afundishwe kulifungua. Maini yakachemshwa, yakakatwa vipande vidogo kama kifungo cha shati. Mwalimu akafungua daftari jipya, akachora mistari, akaandika juu: Mwendo wa Shemeji. Upande mmoja aliandika "amenguruma", katikati "amekunja mdomo", upande mwingine "ametulia". Uso wake ulikuwa umenawiri kwa siku ya kwanza tangu astaafu.

Na hapa ndipo Fundi alipoharibu, na aliharibu kwa sababu ya malezi mema.

Daktari alisema asimsemeshe mbwa. Fundi alisikia vizuri kabisa. Lakini alipofika penye alama ya chaki aliyoichora Mwalimu, hatua kumi kutoka kwenye bakuli, na Shemeji akamkodolea jicho moja kutoka pembeni, alijiona kama mtu aliyeingia nyumba ya watu wakiwa mezani bila kufungua kinywa. Tangu utoto wake hakuwahi kumjia mtu kimyakimya akila. Hiyo ilikuwa tabia ya paka. Ulimi wake ukajiendea wenyewe.

"Hodi," alisema, akarusha ini.

Mwalimu akainua kalamu. "Umesema nini?"

"Nimebisha hodi."

"Kwa mbwa?"

"Kwani hayuko kwake? Kona yake, bakuli lake. Mgeni ni mimi."

"Daktari amesema usimsemeshe."

"Hodi si kumsemesha, Mwalimu. Hodi ni kujitambulisha."

"Karibu!" ilisikika sauti nyuma ya ukuta. "Karibu, Fundi, pita tu, mlango uko wazi!"

"Sikubishii wewe!" Fundi alipaza sauti.

"Unambishia nani?"

"Shemeji!"

Ngazi ikasikika ikishukwa. Baada ya muda mfupi Bwana Rangi alitokea mlangoni mwa mbele amenawa uso na kuvaa shati safi, mikono ameikunjua, anamtafuta shemeji wa kweli amsalimie baada ya miaka mitano. Alipoonyeshwa aliyekuwa akibishiwa hodi, alirudi kwake bila kuaga.

Lakini mambo yalikwenda! Hilo ndilo lililomdanganya Fundi. Hodi, ini, kisogo. Hodi, ini, kisogo. Siku ya tatu Shemeji aliacha kumkodolea jicho. Siku ya sita, hatua sita, mkia ulicheza. Fundi akawa anatembea na maini mfukoni mwa shati asubuhi hadi jioni, na paka wa mtaa wote wakamfuata hadi posta, wakajipanga mbele ya kibanda kama wana barua zao. Mama mmoja alirudisha ufunguo alioutengenezewa.

"Haufungui?" Fundi aliuliza.

"Unafungua. Unanuka."

Wiki ya pili ilipokaribia kwisha, Fundi alikuwa anasimama kando ya bakuli. Alikuwa akisema hodi, na Shemeji anatoa kichwa chakulani, anarudi nyuma hatua mbili, anaketi na kumtazama kwa macho laini. Fundi analitia ini ndani ya bakuli kwa mkono wake mwenyewe. Mara ya kwanza aliporudi na vidole vyote vitano alivihesabu mbele ya Mwalimu, na Mwalimu akampa alama ya vema kwa wino mwekundu kwenye kiganja.

Kulikuwa na dosari ndogondogo. Shemeji alikuwa amesadiki kwamba hodi ni neno la maini, popote litakaposemwa na yeyote. Msomaji wa mita za maji alibisha mlangoni, "Hodi wenyewe!" na kabla hajajibiwa alikuta mbwa ameketi miguuni pake, kinywa wazi, mate yakimchuruzika juu ya viatu vyake. Msomaji wa mita alitoka mbio na kumaliza kazi yake akiwa barabarani.

"Sasa mwizi akija atapokelewa hivyo," Mwalimu alinung'unika.

"Mwizi gani umewahi kumsikia akibisha hodi?" Fundi alijibu, na alijiona ameshinda.

Jumapili binti alikuja. Fundi alikuwa amevaa shati jipya, lenye mfuko ambao bado haujanuka. Mkaguzi alishikwa na Mwalimu ng'ambo ya kijigeti, Shemeji akapewa chakula, na Fundi akaenda zake moja kwa moja, akabisha, akaachiwa nafasi na mbwa aliyeketi wima kama mwanafunzi. Binti alitazama mara moja, mara mbili. Uso ukaanza kumlegea.

"Mh," alisema. "Baba, kwa kweli sikutegemea."

Fundi aliona kile kitanda cha bibi mwingine kikifunguliwa vyuma na kurudishwa dukani.

Kisha kiatu cha mtoto kikaanguka. Mkaguzi alikivua na kukitupa juu ya kijigeti, kikatua uani, na binti akaenda kukichukua bila kufikiri, bila kusema neno, hatua tatu tu kutoka kwenye bakuli.

Shemeji akanguruma. Mngurumo uleule wa siku ya suruali, wa chini, wa tumboni.

"Hodi!" Fundi alipiga kelele. "Sema hodi, mwanangu! Sema hodi!"

Shemeji akasikia hodi, akanyamaza, akaketi, akafumbua mdomo akisubiri ini.

Binti alirudi na kile kiatu polepole. Hakuwa na hasira, na Fundi angependa awe nayo.

"Baba, mwanangu ana miezi tisa. Neno analolijua ni 'ba'."

Wote walimtazama Mkaguzi. Mkaguzi, akijua anatajwa, alisema, "Ba."

Fundi alishika tama mpaka jua likatua. Maisha yake yote alikuwa akiwatahadharisha wateja wasibaki na ufunguo mmoja, na sasa yeye mwenyewe alikuwa ametengeneza kufuli zuri, akalichongea ufunguo mmoja tu, na mtu pekee aliyetakiwa kupita hakuwa nao. Zilibaki wiki mbili. Akampigia daktari simu.

"Mzee," daktari alisema baada ya kusikia yote, "nani alikuambia umbishie hodi?"

"Adabu, daktari."

"Nimefanya kazi hii miaka kumi na minane. Nimeona mbwa walioharibiwa kwa fimbo, kwa minyororo, kwa njaa. Aliyeharibiwa kwa adabu ni wako peke yake."

"Nifanyeje?"

"Anza upya, kimya. Na umwendee kama mtoto atakavyomwendea."

"Mtoto anatambaa, daktari."

"Basi si unajua la kufanya?"

Magoti ya Fundi yalikuwa magoti ya mtu aliyefanya kazi ameketi kwenye kiti cha mbao. Mwalimu alikata godoro la zamani vipande viwili, akamfunga navyo kwa kamba, akamshusha penye alama ya chaki. Shemeji aliinua kichwa. Alimwona mwenye nyumba akija kwa miguu minne, kimya, anahema, macho yamemtoka pima. Mbwa aliyekuwa akilinda bakuli lile kwa miaka mitano mbele ya watu, kuku na mvua aliliacha lote akaenda kujificha nyuma ya pipa, pua tu ikionekana.

Mwalimu akaandika katika daftari: "Mwanafunzi ameogopa. Mwalimu msaidizi ajirekebishe."

"Nijirekebishe vipi?"

"Unatambaa kama unavamia kambi. Mkaguzi haendi hivyo. Anayumba, anasimama, anaokota kitu sakafuni, anakila, ndipo anaendelea."

"Mimi sili kitu cha sakafuni."

"Jifanye. Na useme 'ba'."

"Ba," alisema Fundi.

"Kwa furaha."

"Ba! Ba-ba-ba!"

"Nne kwa kumi," Mwalimu alisema. "Rudia."

Ngazi ya jirani ililia, na kichwa cha Bwana Rangi kikachomoza juu ya ukuta, brashi mkononi, tone la rangi ya samawati likiwa kwenye pua.

"Fundi? Umeanguka?"

"Niko kazini."

"Kazi gani?"

"Ba!" alisema Fundi, kwa kuwa Shemeji ndiyo kwanza alikuwa ametoka nyuma ya pipa na si wakati wa kueleza. Akarusha ini, akageuka kwa magoti, akaondoka akiyumba. Shemeji akalifuata ini, akalimeza, akamtazama Fundi akienda zake. Mkia wake ukacheza mara moja, kwa mashaka.

Hivyo ndivyo walivyoanza upya, hatua kumi, tisa, nane, asubuhi kabla ya kibanda na jioni baada ya kibanda. Ini na kisogo, bila neno la adabu hata moja. Fundi aliliuma hodi kwa meno. Mara mbili lilimponyoka nusu, "Ho...", na mara zote mbili Mwalimu alimpiga rula begani. Siku ya tano alikuwa hatua nne na mbwa bado amelegeza mabega. Lakini daktari, alipopigiwa tena, alisema mbwa azoee watambaaji wa kila namna, si mmoja. Kwa hiyo Mwalimu naye akashuka, gauni amelikunja, na kumbe alikuwa mtambaaji hodari, miaka thelathini ya kutafuta penseli chini ya madawati haikupotea bure. Siku ya saba Bwana Rangi, ambaye kwa wiki nzima hakuwa amepaka hata inchi moja ya ukuta, aliuliza kutoka juu kama anaweza kusaidia.

"Una magoti?" Mwalimu aliuliza.

"Ninayo mawili."

Msomaji wa mita alirejea siku hiyohiyo, maana ofisini walikuwa wamekataa hesabu zake za kukisia. Safari hii hakubisha, alikuwa amepata fundisho. Alichungulia kwa upenyo wa mlango wa ua akaona watu wazima watatu wakitambaa mzunguko, mmoja ana rangi ya samawati usoni, wote wanasema "ba", na katikati yao mbwa anakula kwa utulivu huku amezungukwa. Mwezi ule pia maji yalikisiwa.

Jumamosi ya mwisho ikafika. Binti alikuja ametoka kujaribu sare yake ya kazi, sketi nyeusi na blauzi nyeupe, na Mwalimu akampokea Mkaguzi na kusimama naye nyuma ya kijigeti, komeo limefungwa. Bwana Rangi alikuwa juu ya ngazi. Alikuwa amesahau kubeba brashi.

Shemeji alipewa chakula. Fundi alifunga vipande vyake vya godoro, akashuka, akatambaa. Hakuharakisha. Aliyumba, akasimama, akaokota kitu kisichokuwapo, akakitafuna, akaendelea, hadi bega lake likagusa bega la mbwa, akatia ini bakulini. Shemeji hakukaza hata sikio. Aliendelea kula mkia ukipigapiga sakafu.

"Nimeona," alisema binti. "Lakini wewe amekuzoea, Baba."

"Na mama yako pia."

"Mama pia anamjua."

"Na Bwana Rangi."

"Na wote mna maini."

Fundi alibaki palepale kwenye magoti. Hilo hakulifikiria. Alimwona binti yake akigeuka kuelekea kwenye kijigeti, akimtazama Mkaguzi, ambaye alikuwa ameshika vyuma kwa mikono miwili na kuchungulia bakuli kwa hamu ya kazi. Alijua kwamba akinyamaza huenda akashinda, na alijua hawezi kunyamaza.

"Hapana," alisema. "Mtoto asishuke. Kama ndicho kipimo kilichobaki, basi mpeleke kwa bibi yake mwingine, nitakuwa nakuja kumwona Jumapili. Shemeji namwamini, ila simweki mjukuu wangu chini ili mimi nishinde."

Binti alimtazama kwa muda, akamtazama na vile vipande vya godoro.

"Nani kasema nitamweka mtoto?"

Akavua viatu vyake vipya, akavipanga kando ya ukuta. Akapandisha sketi kidogo, akapiga magoti kwenye saruji.

"Usiguse maini, Baba. Kaa mbali."

Alitambaa. Mikono yake ilikuwa mitupu, na huyu Shemeji hakuwahi kupokea kwake hata kipande kimoja. Aliogopa, kila mtu aliona, alikuwa ameuma mdomo wa chini jinsi alivyokuwa akiuma alipopelekwa kung'oa jino utotoni. Hatua tatu. Mbili. Juu ya ukuta Bwana Rangi alifumba macho. Shemeji akatoa kichwa bakulini, na mdomo wake ukiwa na chakula akamgeukia binti.

Akamnusa kiganja. Akakinusa vizuri, kwa kuwa alitegemea kitu. Hakukuwa na kitu. Akakilamba hata hivyo, chote, hadi kwenye kifundo, akarudisha kichwa chake katika bakuli na kula, na binti akaweka mkono juu ya mgongo wake na mbwa akaendelea kula. Kisha binti akaingiza vidole kwenye bakuli lenyewe. Shemeji akasogeza pua pembeni, kidogo tu, ampishe.

Binti alibaki pale, kichwa chini, karibu na kichwa cha mbwa. Mabega yalikuwa yakimtikisika, na haikujulikana kama anacheka.

"Baba."

"Naam."

"Jumatatu nitamleta saa moja kamili. Anaamka na njaa, kwa hiyo nisikute uji bado unatokota."

Fundi alitaka kujibu kwamba hautatokota, kwamba utakuwa umeshapoa, kwamba ataamka saa kumi aupoze mwenyewe kwa kuupepea. Badala yake aliketi pale sakafuni, vipande vya godoro kwenye magoti, akalia waziwazi kama mtoto, na Mwalimu, ambaye miaka thelathini hakumruhusu mtu kulia mbele yake bila kueleza sababu, hakumuuliza kitu.